Anza na burashi: jibu kwa mwalimu anayeandaa vipindi vya sanaa ya China na Japani

Swali: "Mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari, na nimeombwa niandae vipindi vichache vya utangulizi wa historia ya sanaa ya China na Japani. Vitabu nilivyopata vimejaa majina ya koo za kifalme na miaka, nami kila nikizitazama picha zenyewe naona milima, ukungu na karatasi iliyoachwa wazi. Naomba kujua nianzie wapi, kwa nini nusu ya karatasi huachwa bila kuchorwa, na kama ni kweli kwamba sanaa ya Japani ni nakala tu ya sanaa ya China."

Jibu:

Mwalimu mpendwa, ningekuwa mimi ningeiweka kando kwa muda orodha ya koo za kifalme, nikaanza na burashi. Shang, Han, Tang, Song, Yuan, Ming na Qing ni majina yafaayo kuwa misumari ya kutundikia kumbukumbu, lakini hayamwelezi mwanafunzi ilikuwaje mfalme aliyetawala nchi kubwa akaitamani karatasi moja yenye mistari 28 ya maandishi, hata akataka azikwe nayo. Mwanafunzi akishaelewa jambo hilo, milima na ukungu vitaeleweka, na swali lako kuhusu Japani nalo litapata njia.

Huko China uchoraji ulilelewa na mwandiko. Burashi ile ile, yenye mpini wa mwanzi na manyoya ya mbuzi au sungura yaliyochongoka nchani, ndiyo iliyoandika barua, hesabu za serikali na mashairi, na ndiyo iliyochora mianzi na miamba. Wino haukuwa wa chupa. Ulikuwa kipande kikavu cha masizi yaliyochanganywa na gundi ya wanyama, ambacho mwandishi alikisaga kwa maji juu ya jiwe, akiamua mwenyewe wino wake uwe mzito kama lami au mwepesi kama moshi. Karatasi nayo hunyonya wino papo hapo, kwa hiyo hakuna kufuta: mkono ukisita, doa hutanuka, ukiharakisha, mstari hupasuka na kuonyesha weupe ndani yake. Msomi aliyeutazama mwandiko wa mwenzake aliuona mwendo wa mkono ulioandika, kama sisi tunavyomtambua mtu kwa sauti yake kabla hatujauona uso. Wanafunzi wanaojua uzuri wa hati ya Kiarabu juu ya milango na kuta za misikiti ya pwani watalielewa hili upesi, ingawa inafaa uwaonyeshe tofauti: hati ya Kiarabu hupimwa kwa nukta za kalamu ili herufi ziwiane, ilhali mwandiko wa burashi unaosifiwa zaidi nchini China mara nyingi ni ule ambamo kila alama imetoka tofauti na mwenzake.

Karatasi ile aliyoitamani mfalme iliandikwa mwaka 353 na Wang Xizhi. Siku ya sherehe ya majira ya kuchipua alikusanyika na wasomi wenzake kwenye banda la Lanting, katika jimbo la leo la Zhejiang. Walikaa kando ya kijito, wakaviacha vikombe vya mvinyo vielee majini, na kila kikombe kilipomkaribia mtu ilimpasa atunge shairi au anywe. Wang akaandika utangulizi wa mashairi hayo, maneno 324, akianza na furaha ya siku ile na kuishia katika huzuni ya kwamba kila kilichopo kitapita. Inasimuliwa kwamba baadaye alijaribu kuuandika tena, akashindwa kuufikia uzuri wa mara ya kwanza. Karibu miaka 300 baadaye Kaizari Taizong wa Tang aliupata, akaamuru waandishi hodari waunakili, na kwa mujibu wa masimulizi alizikwa na ule wa asili. Hakuna hata mstari mmoja wa mkono wa Wang Xizhi ambao wataalamu wanakubaliana kwamba umebaki. Mwandishi anayeheshimiwa kuliko wote nchini China tunamjua kwa nakala tu.

Nakuomba usilipite haraka jambo hili, kwa sababu ndilo lililojificha katika swali lako la tatu. Katika karne ya 6 mhakiki aitwaye Xie He aliandika kanuni sita za uchoraji. Ya kwanza ni ngumu kufasiriwa. Inahusu pumzi au uhai unaotembea ndani ya picha na kuifanya itikisike. Ya sita ni rahisi: kurithisha kwa kunakili kazi za waliotangulia. Kunakili kulikuwa kusoma kwa mkono. Mtunzi wetu anayetunga kwa bahari, mizani na vina vya waliomtangulia haambiwi ameiba. Anasikilizwa ili ijulikane ndani ya kipimo kile amesema nini kipya. Mchoraji wa China alisikilizwa hivyo hivyo, na aliyeandika pembeni mwa picha yake kwamba amefuata mtindo wa bwana fulani wa miaka 300 iliyopita alikuwa akijivunia.

Yako mambo makubwa yaliyotangulia burashi, nayo ningeyapa kipindi kimoja. Miaka zaidi ya 4,000 iliyopita watu wa utamaduni wa Liangzhu walichonga vito vigumu vya yu, ambavyo havikatiki kwa kisu bali husuguliwa kwa mchanga siku baada ya siku. Watu wa Shang waliyeyusha shaba na bati, wakamimina ndani ya kalibu za udongo zilizoundwa kwa vipande, wakapata vyombo vya kuwalishia na kuwanywesha mababu, vyenye nyuso za mnyama mwenye macho makubwa asiyejulikana vizuri ni nani. Kimoja, chungu cha miguu minne kilichopatikana Anyang mwaka 1939, kina uzito wa zaidi ya kilo 800. Kisha lipo jeshi la udongo la Kaizari wa kwanza, aliyefariki mwaka 210 KK, ambalo wakulima waliokuwa wakichimba kisima karibu na Xi'an walilikuta mwaka 1974. Waambie wanafunzi kwamba wale askari walipakwa rangi kali za nyekundu, kijani na zambarau. Ule ukijivu tunaouona leo ni wa udongo uliovuliwa nguo.

Baada ya hapo ukaja Ubudha kutoka India, ukipita njia za misafara za Asia ya Kati, na hapa ndipo China na Japani zinapoanza kusimuliwa pamoja. Penye lango la jangwa, Dunhuang, watawa walianza kuchimba mapango mwaka 366, na kwa karibu miaka 1,000 waumini wakaendelea kuyachimba na kuyachora. Mapango karibu 500 bado yana michoro ukutani. Huko Longmen, mwaka 675, ilikamilishwa sanamu ya Budha yenye urefu wa mita 17 iliyochongwa ndani ya mwamba wenyewe, kwa mchango wa malkia aliyekuja kutawala kwa jina lake mwenyewe, Wu Zetian.

Japani iliupokea Ubudha katika karne ya 6, kwa mkono wa Korea. Naiweka Korea hapa kwa makusudi, kwani utangulizi mwingi huiruka, na bila wachongaji, watawa na wafinyanzi wa Kikorea nusu ya hadithi hii haipo. Hekalu la Horyuji, karibu na mji wa Nara, lina majengo yanayohesabiwa kuwa ya mbao ya zamani kuliko yote yanayosimama duniani. Mwaka 752, katika hekalu la Todaiji, lilifunguliwa rasmi sanamu la shaba la Budha lenye kimo cha takriban mita 15. Mtawa kutoka India, Bodhisena, alipanda akachora mboni za macho yake kwa burashi kubwa iliyofungwa kamba ndefu, na umati uliokuwa chini ukazishika zile kamba ili kila mmoja ashiriki katika kuyafumbua macho ya Budha. Burashi hiyo ingalipo. Imehifadhiwa katika ghala la Shosoin, pamoja na maelfu ya vitu vingine vya karne ya 8, vikiwemo ala za muziki na vioo vilivyotoka mbali upande wa magharibi.

Mwaka 845 mfalme mmoja wa Tang aliupiga marufuku Ubudha, mahekalu yakabomolewa kwa maelfu na sanamu za shaba zikayeyushwa. Wanahistoria wawili wa majengo, Liang Sicheng na mkewe Lin Huiyin, walizunguka China wakitafuta jengo la mbao la enzi ya Tang, na mwaka 1937 wakalipata moja milimani, ukumbi wa Foguang wa mwaka 857. Majengo ya namna hiyo yaliyobaki China yanahesabika kwa vidole. Ndiyo maana mtu anayetaka kuona mji wa Tang ulivyofanana hushauriwa aende Nara. Nchi iliyoazima ndiyo iliyotunza, na jambo hili litajirudia.

Sasa tuingie kwenye milima. Kwa Kichina uchoraji wa mandhari huitwa shanshui, yaani milima na maji, na ulifikia kilele katika enzi ya Song, iliyoanza mwaka 960. Ukiwa na nafasi ya picha moja tu kwa kipindi kizima, chukua ile ya Fan Kuan inayoonyesha wasafiri kati ya milima na vijito, iliyochorwa kwenye hariri yapata mwaka 1000 na sasa imo katika Makumbusho ya Taifa ya Ikulu, Taipei. Ina urefu wa zaidi ya mita 2. Theluthi mbili za juu zimejazwa na mlima mmoja uliosimama kama ukuta; maporomoko ya maji yanashuka kwenye ufa wake, membamba kama uzi; chini yake ukungu umekata picha, na chini kabisa, pembeni kulia, kuna msafara mdogo wa nyumbu wenye mizigo. Usipowatafuta wale wasafiri hutawaona. Saini ya mchoraji nayo imefichwa katikati ya majani karibu na msafara, na haikugunduliwa hadi mwaka 1958. Mtu kajiweka mahali pake ulimwenguni, padogo lakini pa kweli.

Guo Xi, aliyechora picha ya mwanzo wa majira ya kuchipua mwaka 1072, aliacha maelezo yaliyoandikwa na mwanawe. Anasema iko milima ya kupita, ya kutazama, ya kutembelea na ya kuishi, na kwamba iliyo bora ni ile ambayo mtazamaji anatamani kuishi ndani yake. Mtumishi wa serikali aliyefungwa na kazi mjini hawezi kwenda milimani. Basi picha ndiyo inayomwendea. Ndiyo maana mandhari hizi hazina sehemu moja ya kusimama kama ilivyo kwenye michoro ya Ulaya, ambamo mistari yote hukimbilia nukta moja. Hapa jicho linapanda, linashuka, linazunguka nyuma ya kilima. Picha inatembewa.

Hilo ndilo mlango wa swali lako la karatasi iliyoachwa wazi. Mwaka 1127 wavamizi wa Jurchen waliiteka kaskazini ya China, wakamchukua mateka Huizong, mfalme aliyekuwa mchoraji na mwandishi hodari, na serikali ya Song ikahamia kusini, Hangzhou. Huko mlima mkubwa wa kati uliondoka katika picha. Mchoraji Ma Yuan alisukuma vitu vyote pembeni, hata akaitwa Ma wa Kona Moja. Kuna picha inayohesabiwa kuwa yake, iliyomo Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, ya mvuvi peke yake katika mtumbwi. Kuna mtumbwi, mtu aliyeinama, uzi wa ndoana na mistari michache ya mawimbi. Sehemu iliyobaki haikuguswa, lakini hakuna mtazamaji anayeiona kama hariri tupu. Anaona ziwa, na baridi. Mchoraji hakulichora ziwa, alitufanya tulichore sisi, kwa kuwa aliuweka mtumbwi na mistari ile mahali ambapo maji pekee yangeweza kuwapo. Wafanye wanafunzi wauzibe mtumbwi kwa kidole: ziwa litatoweka papo hapo, na itabaki hariri. Sina maelezo bora zaidi ya zoezi hilo.

Ipo sababu ya pili ya weupe, nayo ni ya kijamii. Kuanzia karne ya 11, wasomi waliokuwa maafisa wa serikali walianza kudai kwamba uchoraji wao ni tofauti na wa mafundi wa ikulu. Mshairi Su Shi aliandika kwamba anayeipima picha kwa jinsi inavyofanana na kitu ana akili ya kitoto. Kwao picha ilikuwa barua kwa rafiki, na barua huhitaji nafasi ya kujibiwa: mwenye picha aliandika shairi, aliyeirithi akaandika la kwake, na kila mmoja akagonga muhuri mwekundu. Mihuri hiyo, ambayo wanafunzi hudhani ni saini za mchoraji, mara nyingi ni alama za waliowahi kuimiliki.

Gombo la Huang Gongwang kuhusu milima ya Fuchun linaonyesha mahali mapenzi hayo yanapoweza kumfikisha mtu. Mtawa huyu wa dini ya Tao alilichora polepole akiwa mzee wa karibu miaka 80, akaliwekea maandishi mwaka 1350 akieleza kwamba alilichora kila moyo ulipomsukuma. Mwaka 1650 aliyekuwa akilimiliki, akiwa kitandani pa mauti, aliamuru lichomwe ili aende nalo. Mpwa wake alilipokonya motoni likiwa limeshakatika vipande viwili. Kipande kifupi kiko Hangzhou, kirefu kiko Taipei, na vilionyeshwa pamoja mwaka 2011. Katikati ya masaibu hayo Kaizari Qianlong alinunua nakala mwaka 1745, akaipenda, akaiandikia maelezo zaidi ya mara 50. Mwaka uliofuata akaletewa gombo halisi, akatamka kwamba hilo ndilo bandia. Kosa lake liliokoa kitu: gombo halisi halikujazwa maandishi yake.

Nimechelewa makusudi kufika kwenye kujibu moja kwa moja swali lako la Japani, na sasa naweza kulijibu kwa picha moja. Katika karne ya 13 mtawa wa China, Muqi, alichora matunda sita yaitwayo kaki kwa Kijapani, yenye umbo kama la nyanya. Ni wino tu. Hakuna meza, hakuna kivuli. Tunda la katikati ni jeusi tititi, ya pembeni ni duara jepesi la mstari, moja limeshuka kidogo mbele ya mengine, na uzito wake unasikika mkononi. Karne iliyofuata mhakiki wa Kichina aliandika kwamba Muqi huchora kwa ukali na bila kufuata njia za kale, na nchini mwake akasahaulika. Lakini watawa wa Kijapani waliokwenda kusoma China walirudi na kazi zake, na picha ya kaki imetunzwa Kyoto, katika hekalu la Daitokuji. Bila Japani tusingekuwa na sehemu kubwa ya kazi za Muqi. Na waliomtunza hawakumfungia sandukuni: mwishoni mwa karne ya 16 Hasegawa Tohaku, aliyemsoma Muqi kwa makini, alichora misonobari katika ukungu kwenye viambaza viwili vya kukunja. Ukisogea karibu unaona michirizi mikavu ya burashi, mikali kama ya fagio. Ukirudi nyuma hatua kumi, miti inatokea na kupotea katika mvuke wa alfajiri. Si picha ambayo Mchina angeichora. Ni jibu la Mjapani kwa barua iliyotoka China miaka 300 kabla yake, na kwangu mimi ni mojawapo ya picha kubwa kuliko zote zilizowahi kuchorwa kwa wino.

Wajapani wenyewe walilijua jambo hili. Sesshu, mtawa mchoraji, alikwenda China mwaka 1467 akarudi mwaka 1469. Katika maandishi ya mwaka 1495 juu ya mandhari aliyompa mwanafunzi wake, anasema alijifunza kule, lakini pia kwamba safari hiyo ilimfanya atambue ukubwa wa walimu wake wa nyumbani, Josetsu na Shubun.

Tena yapo mengi ambayo hayakuwa na chanzo China. Katika mji wa Heian, yaani Kyoto ya leo, wanaume waliandika nyaraka rasmi kwa Kichina, ilhali wanawake wa ikulu waliandika Kijapani kwa herufi za kana, laini na za mtiririko, zilizoitwa mkono wa kike. Kwa herufi hizo Murasaki Shikibu aliandika, mwanzoni mwa karne ya 11, kisa kirefu cha mwana wa mfalme Genji, na katika karne ya 12 kisa hicho kikachorwa kwenye magombo ambayo sehemu zake zimo Nagoya na Tokyo. Mchoraji ameondoa paa la nyumba ili tutazame ndani kutoka juu. Nyuso hazina hisia, jicho ni mstari na pua ni ndoana. Huzuni imewekwa kwenye nyumba: nguzo na mapazia yanalala mshazari, na chumba kinapoinama zaidi, moyo wa aliyemo una taabu zaidi. Sijaona mbinu hiyo mahali pengine.

Baada ya Todaiji kuteketezwa vitani mwaka 1180, Unkei na wenzake walichonga walinzi wawili wa lango lake, wenye urefu wa zaidi ya mita 8 kila mmoja, kwa siku 69 tu za mwaka 1203, kwa kuunganisha vipande vingi vya mbao. Mishipa inasimama shingoni. Kisha katika karne ya 16 Sen no Rikyu, bwana wa chai, aliacha kutafuta mabakuli ya thamani ya Kichina, akapendelea ya Chojiro, mazito na meusi, yaliyofinyangwa kwa mikono bila gurudumu, kama wanavyofinyanga wafinyanzi wetu wengi. Mwanafunzi aliyekua akiona chungu cha udongo hatashindwa kumwelewa Rikyu.

Kuhusu picha za chapa za mji wa Edo, yaani Tokyo ya sasa, utapata maandishi tele, kwa hiyo nasema machache. Zilikuwa kazi ya watu wanne: mchapishaji aliyetoa fedha, mchoraji, mchongaji wa ubao wa mcheri na mpiga chapa. Kuanzia mwaka 1765, Harunobu na wenzake walipata picha za rangi nyingi, kila rangi na ubao wake. Wimbi kubwa la Hokusai, la yapata mwaka 1831, linajulikana hata na asiyejua jina lake. Waonyeshe wanafunzi kwamba kitovu chake ni mlima Fuji, mdogo chini ya mkunjo wa wimbi, na kwamba buluu ile ilitoka Berlin, ikafika Japani kwa meli za biashara. Mwaka 1887 Vincent van Gogh alinakili kwa rangi za mafuta picha mbili za Hiroshige. Neno nakala limerudi, safari hii likiwa mkononi mwa Mzungu, na hakuna anayesema kwamba van Gogh alikuwa mwigaji tu.

Vyombo vya kauri nimeviacha mwisho kwa sababu ndivyo vilivyo karibu nasi. Lugha yetu imeviita kwa jina la simbi wa baharini, na Waitaliano nao walivipa jina la simbi huyo huyo kwa lugha yao, kwani wote waliona mng'aro ule ule. Siri yake ni udongo mweupe wa kaolini, uliopewa jina la kilima cha Gaoling karibu na mji wa Jingdezhen, ukichanganywa na jiwe lililopondwa na kuchomwa kwa joto la nyuzi 1300 hivi, hadi chombo kiwe kigumu na kupitisha mwanga. Buluu yake katika karne ya 14 ilitokana na kobalti ya Uajemi, na sahani kubwa kubwa zilitengenezwa kwa kuwafikiria walaji wa nchi za Kiislamu, wanaokula pamoja kwenye sinia moja. Kwa hiyo chombo tunachokiona kuwa cha Kichina kuliko vyote kilizaliwa katika biashara ya Bahari ya Hindi. Vyombo vya kabla ya hapo vilisafiri kwa majahazi: mwaka 1998, karibu na kisiwa cha Belitung nchini Indonesia, ilipatikana meli ya karne ya 9 iliyoshonwa kwa kamba kama mtepe wetu, ikiwa na vyombo vya Kichina yapata 60,000, vingi vikiwa mabakuli ya Changsha. Vigae vya mabakuli ya aina hiyo vimechimbuliwa huku pwani yetu, Manda, na vya enzi zilizofuata Kilwa na Gedi. Mabakuli yalipachikwa kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi na Mambrui. Ming ilipoanguka mwaka 1644 na tanuri za Jingdezhen kuvurugika, wafanyabiashara wa Kiholanzi waligeukia Arita nchini Japani, ambako kazi hiyo ilikuwa imeanzishwa na wafinyanzi waliochukuliwa Korea wakati wa vita vya miaka ya 1590.

Kuhusu vipindi vyenyewe, kama una vinne, kimoja kiwe cha wino: kila mwanafunzi aandike jina lake kwa burashi mara 50 kabla ya kuruhusiwa kuchora jani moja la mwanzi. Cha pili kiwe cha gombo. Picha ya Zhang Zeduan ya mji mkuu wa Song wakati wa sikukuu ya Qingming ina urefu wa zaidi ya mita 5 na kimo cha sentimita 25 hivi, na haikukusudiwa kuonwa yote kwa pamoja. Unganisha karatasi, ziviringishe, na wanafunzi wazifungue kutoka kulia kwenda kushoto, upana wa mikono kwa mara moja, huku sehemu waliyoipita ikiviringishwa. Cha tatu kiwe cha Muqi na Tohaku wakiwekwa ubavu kwa ubavu. Majina ya Kijapani yasikutie hofu, maana irabu zake ni tano kama zetu na silabi zake karibu zote ni wazi: Utamaro na Hokusai husomwa jinsi zilivyoandikwa.

Cha nne kiwe cha twiga. Mwaka 1414 Kaizari Yongle aliletewa twiga kutoka Bengali, na mwaka 1415 mwingine kutoka Malindi. Ikulu ilimchukulia kuwa ndiye qilin, mnyama wa heri wa hadithi za kale, na yule wa 1414 akachorwa akiwa na mtunzaji wake aliyeshika kamba, kazi inayohusishwa na Shen Du. Shen Du alikuwa mwandishi wa ikulu, na juu ya mnyama sehemu kubwa imejazwa utenzi wake wa sifa, kwa mwandiko safi wa mistari iliyonyooka. Mabaka ya twiga yamepangwa kama wavu, karibu yawe magamba, na qilin wa hadithi alikuwa na magamba. Wape wanafunzi picha hiyo pamoja na picha ya kawaida ya twiga wa mbugani, kisha waulize mchoraji aliona nini kwa macho yake, na nini alikuwa ameshakisoma kabla hajamwona.